Alama ya Msumari kwenye Tundu la Pili

Kijijini kwetu, kando ya barabara iteremkayo Muze, upepo haungoji kupewa nafasi ya kusema. Huvuka uwanda wa Ufipa na ubaridi wake, ukayachukua maneno ya watu kabla hayajafika kwa waliokaa nyuma. Ndiyo maana mwaka wa sabini na sita, mahindi ya shamba la pamoja yalipouzwa, mkutano ulikubali kijiji kinunue spika. Andwele alikwenda kuifuata Sumbawanga, akarudi juu ya lori ameikumbatia kama mgonjwa.

Lilikuwa sanduku jeusi lenye mashine yake tumboni, likila betri ya gari. Mgongoni lilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea maikrofoni, na kila tundu lilikuwa na vifundo vyake vya kuzungusha: cha kupandisha sauti, cha besi, cha sauti nyembamba, na cha mwangwi. Mzee Muhidin, mwenye duka aliyeliuza, alimpa Andwele wosia mmoja: "Kila tundu lina mtu wake, kijana. Usimvike mmoja kanzu ya mwenzake."

Andwele alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi baiskeli aliyekuja Rukwa kutafuta kazi, akamwoa Bertilla wa kwetu, akabaki. Wosia wa Mzee Muhidin aliusahau njiani, kwa sababu alikuwa amekwisha kuupenda mwangwi, akaupandisha kwenye matundu yote mawili. Mwenyekiti wetu, Ignasi, alipotamka "ndugu zangu", ndugu walirudi mara kadhaa kama waliojificha pangoni. Watu walifurahi. Ignasi alifurahi zaidi, akaomba aongezewe.

Kisha ukaja mkutano wa mashine ya kusaga. Ignasi alitaka ijengwe juu, barabarani, lori la dizeli lifike kwa urahisi. Wanawake walitaka iwe chini karibu na nyumba, maana wao ndio waliojitwika madebe ya mahindi, na goti la Bertilla lilikuwa limevimba tangu masika kwa kupanda kile kilima. Wakamchagua yeye awasemee.

Kwetu mtu hawasemeshi wazee kwa kupaza sauti. Bertilla alichutama, akapiga makofi ya salamu, taratibu, kisha akasema kwa sauti ya chini kama alivyolelewa. Spika iliyakuza makofi yakawa ngurumo, na mwangwi ukayakoroga maneno yake mpaka yakawa uji.

"Anasemaje?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Nadhani anaomba chumvi."

Walicheka. Ignasi akaahirisha uamuzi mpaka Jumapili iliyofuata baada ya misa, na Bertilla akarudi nyumbani bila kumtazama mumewe.

Kesho yake alikuwa akipepeta mahindi uani ndipo alipofungua kinywa. "Umenipigia ngoma, Baba Atusaye."

"Ni yale makofi. Jumapili usiyapige. Anza na maneno tu, mengine niachie mimi."

Ungo ulisimama. "Nianze bila salamu? Kwenu Tukuyu mnaingia nyumba za watu kwa dirisha?"

Andwele alilibeba sanduku mpaka mgongoni mwa kilima, upepo ulikokuwa mkali, akampa mkewe maikrofoni. Kwanza aliufunga mwangwi wote, neno likatoka peke yake. Kisha akashusha besi, kwa kuwa humo ndimo upepo na makofi vilikuwa vikigongana. Akapandisha sauti nyembamba kidogo ili maneno yapate makali, akazidisha, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa imeelekea spika, sanduku likapiga yowe. Mbuzi wa jirani wakatimua mbio.

Bertilla alicheka. Cheko lake lilipita kwenye sanduku na kutoka kama Andwele alivyolijua jikoni, la chini, lenye joto. Hakugusa kitu tena. Alitoa msumari mfukoni, akakwaruza alama kando ya kila kifundo cha tundu la pili.

Jumapili Ignasi alisema kwanza, kwa tundu la kwanza na mwangwi wake. Bertilla alipochukua maikrofoni ya pili na kusogea nyuma ya sanduku, Andwele alilifunga tundu la mwenyekiti, lililokuwa likizoa upepo.

"Mbona umenizima?" aliuliza Ignasi.

"Nimekupumzisha, ndugu mwenyekiti."

Bertilla alichutama. Makofi yake yalitoka makavu na mepesi, kama maharage yanayoangukia ungo. Nyuma kabisa, kwenye ukuta wa kanisa, Mzee Wilibrodi, ambaye hakuwahi kumwitikia mtu yeyote kupitia sanduku lile, aliilaza fimbo yake chini, akapiga makofi ya kuitikia. Waliokuwa karibu naye wakafuata. Na ukishaitikia salamu ya mtu, huna budi kumsikiliza.

"Baba zangu," alisema Bertilla, bado kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ikafika mpaka ukutani. "Pipa la dizeli huviringishwa kuteremka kilima. Debe la mahindi haliviringishwi kupanda."

Kisha Polikarp, shemeji yake mbishi, akauliza, "Na pipa tupu nani atalipandisha?"

"Tupu ni jepesi, shemeji. Litakufaa wewe."

Mikono ilinyooshwa hata kabla kicheko hakijaisha, na ya wazee ilikuwamo. Ignasi aliitazama, akavuta pumzi, akaomba tundu lake lifunguliwe atangaze: mashine itajengwa chini.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Ignasi alimfuata Andwele aliyekuwa akikunja nyaya. Aliinama, akapapasa ile mikwaruzo ya msumari kwa kidole.

"Na mimi nitengenezee alama zangu," alisema. "Lakini mwangwi uniachie kidogo."

"Kidogo," Andwele alikubali, akautafuta msumari mfukoni.