Taa ya chumba cha kuogea

Mume wangu alikwenda Kasindi, mpakani, kuchukua bidhaa, vita vikafunga barabara nyuma yake. Nikabaki peke yangu Butembo, katika nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Umeme tulipewa na jirani, mzee mwenye jenereta, tuliyoiita groupe.

Mchana mmoja taa ya chumba cha kuogea ilianza kutoa cheche. Mvuke ulikuwa umeila kwa kutu. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu; mimi nilikuwa nikimpa vifaa tu. Nikaenda kwa jirani.

"Papa, naomba uzime groupe. Niko nabadilisha taa ya douche."

"Weye mwenyewe? Bwana yako hayarudi bado?"

"Hayarudi, papa."

"Basi nitazima, na nitakaa hapa karibu yake. Mutu hataiwasha mpaka uniite."

Nikakausha sakafu, nikapanda juu ya kiti cha mbao. Nikagusa nyaya kwa bisibisi ya kupimia umeme, haikuwaka. Kitambaa cha zamani kilichozifunika kilivunjika kama majani makavu. Nikakata sehemu zilizooza, nikaunga taa mpya yenye kioo cha kuzuia maji. Kisha nikanyoosha mkono chini, bila kugeuka, nikingoja nipewe skrubu. Mkono ulikaa hewani kitambo kabla sijakumbuka kuwa chini hapakuwa na mtu.

Nikamwita papa, akawasha groupe. Taa iliwaka vizuri.

Mume wangu alirudi baada ya mavuno, amekonda. Alioga, akatoka, akaomba chakula. Hakuuliza nani aliyebadilisha taa, nami sikumwambia.