Askari Wangu Walipochoka

Kuna friji moja, sijui iko jengo gani, imejaa damu yangu. Na kuna watu wenye makoti meupe walioishangilia damu hiyo kuliko mume wangu alivyowahi kunishangilia mimi.

Nawapa kisa chote, bila kuremba.

Nilipima wakati binti yangu keshaanza shule. VVU ninavyo. Mume wangu akapima, hana. Wiki hiyohiyo akafungasha virago.

Kipimo cha pili, cha kuhesabu virusi kwenye damu, kikasema havionekani. Na mimi sikuwa nimemeza hata kidonge kimoja!

Daktari akarudia. Akarudia tena. Akaniita ofisini, anacheka peke yake.

"Mama, una askari wakali."

"Askari gani tena?"

"Seli T. Zipo zinazosaka seli iliyoingiliwa na kirusi na kuiua. Kwa wengi zinapigana miaka mpaka zinazubaa. Zipo, lakini hazipigi. Zako bado zinapiga."

Watu kama mimi ni wachache sana. Enzi hizo dawa zilisubiri kinga ishuke, na yangu ilikuwa juu. Basi nikawa naenda kliniki, natolewa damu ya utafiti, naambiwa hongera, narudi nyumbani.

Hongera hailali na mtu kitandani, jamani.

Nilimwambia dada yangu.

"Basi huna," akasema. "Funga mdomo, uolewe tena."

"Ninavyo, dada."

"Virusi gani hivyo visivyoonekana? Acha kujitafutia ugonjwa."

Kazini nasimamia dobi ya hoteli. Wasichana wakikunja mashuka wawili wawili, soga hazikauki. Nikiingia, kimya. Bosi hana rafiki.

Nikaona watu wangu wako kliniki. Kulikuwa na kikundi cha akina mama. Kila mwezi mmoja wao, kwa zamu, aliwachukulia wenzake wote dawa, wengine wasipoteze siku ya kazi. Siku ya vipimo walikutana wote, wakacheka mpaka nesi anawafokea.

Nikasogea kwenye benchi lao.

Kiongozi wao alikuwa fundi cherehani, mdomo kama mkasi.

"Mwenzetu, dawa zako unachukulia wapi?"

"Situmii."

"Hutumii, na hufi?"

"Mwili wangu unavizuia wenyewe."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Huyu katumwa na wakubwa kutusikiliza! Mama, kama umekuja kutalii, sema tukutembeze!"

Wakaniita Mtalii. Nikitokea tu, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua.

Miaka ikaenda hivyo. Kwa wazima mimi mgonjwa, kwa wagonjwa mimi mzima. Jioni namsaidia mtoto hesabu, akilala nabaki naangaliana na ukuta.

Halafu siku moja daktari hakucheka.

"Virusi vimeanza kuonekana. Askari wako wamechoka, mama. Vita visivyo na mapumziko vinachosha hata wakali. Unaanza dawa leo."

Nilitoka na kopo la vidonge mkononi. Nikajibwaga kwenye benchi la karibu. Sikuangalia hata ni la nani.

Fundi cherehani akaliona kopo. Akasogea mpaka bega lake likagusa langu.

"La kwanza?"

"La kwanza."

"Wiki hii utaota ndoto za ajabu, usitishike. Mimi niliota nimeolewa na yule nesi, tena ananifokea mpaka ukumbini."

Nikacheka, machozi yakatoka humohumo.

"Jamani, Mtalii kahamia rasmi!" akawatangazia wenzake. Kisha akaninyooshea mkono. "Mwezi ujao zamu yangu. Lete kadi yako."

Nikampa.

Habari mbaya kuliko zote nilizowahi kupewa pale kliniki ndiyo iliyonipa watu. Leo virusi havionekani tena, safari hii kwa dawa, na simu yangu inalia mpaka naizima.

Sasa nisikilizeni. Kama unavyo, meza dawa leo, usingoje kinga ishuke. Na wewe unayejisifu kwamba unajiweza peke yako: hata damu huchoka. Tafuta watu.