Maswali Niliyomzuia Riziki Asiulize

Siku ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyonunua viatu. Utacheka. Ilikuwa sokoni Uvira, kwetu Kongo, nami nilikuwa kijana ndiyo kwanza naanza kunyoa ndevu. Muuzaji alikuwa baba mdogo, ndugu wa tumbo moja na baba yangu. Alinifungia viatu kwenye gazeti akasema, "Hivi ndivyo vyako, nenda." Sikufungua. Kufungua mbele yake ingekuwa kama kumwambia wewe ni mwizi. Nilipofika nyumbani nikakuta vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Na sikurudi! Nilivivaa hivyo hivyo, kanisani, harusini, mpaka mguu wa kulia ukaota kinundu nilicho nacho mpaka leo. Baridi ya Julai ikiingia hapa Johannesburg, kinanisalimia kabla yako. Baba mdogo mwenyewe alinikuta siku moja nachechemea, akanipa pole. Nikamwambia asante.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, mwalimu wetu alipotoroka na mke wa katekista, lakini hiyo ni habari nyingine. Nilichotaka kusema ni kwamba sisi watu wa kwetu tunaona aibu kumuuliza ndugu. Mgeni tunamhoji mpaka anatoka jasho. Ndugu akitufungia kitu kwenye gazeti, tunabeba.

Sasa Riziki. Wewe hukumkuta. Alikaa hapa hapa La Rochelle, chumba cha nyuma, kwenye uwanja huu ambapo cherehani yangu imekaa karibu na geti. Alikuwa peke yake na mwanawe Amani, miaka miwili na kidogo; baba wa mtoto alikufa kabla hajamwona. Waliishi kwa ile pesa ya mtoto ya serikali, na ofisi moja ya kusaidia wakimbizi iliwalipia chumba. Unga ulitoka kanisani. Wapo wanaosema anayekula msaada ni mvivu. Waje wapange foleni alfajiri na mtoto mgongoni, halafu waseme tena.

Akapata kazi, duka la vitambaa, Fordsburg. Bosi akamwambia, miezi mitatu ya kwanza ukikosa siku moja usirudi. Na ofisi ya msaada ikamwambia, ukianza kazi tu, chumba hatulipi tena. Kwa hiyo maisha yake yote yalimtegemea mtu mmoja: atakayekaa na Amani.

Na alikuwa ameshampata. Mtaa wa pili kuna bibi Mzulu, wote tunamwita Gogo, analea watoto nyumbani kwake. Riziki alirudi kutoka huko uso unang'aa. "Mzee, yule mama ana geti, ana msaidizi, jiko liko mbali na watoto. Hata ameniuliza nani atamchukua mtoto nikichelewa."

Mimi ndiye niliyeharibu. Nikamwambia, "Unampeleka mtoto kwa mgeni, asisikie tena hata neno moja la kwetu, na Faustin yuko hapa?"

Faustin alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa rafiki yangu wa Uvira. Alikuwa mlinzi wa usiku, mchana yuko chumbani kwake, uwanja huu huu. Nikamwita palepale. Akaja na mswaki mdomoni.

"Da Riziki, mutoto ni wetu sote," akasema. "Hiyo 'haibo, haibo' yake ya Kizulu nitaitoa, atasema Kiswahili kama pasta."

"Asante, kaka. Lakini kazini unatoka saa ngapi? Na wewe utalala saa ngapi? Wakikuita ghafla, mtoto atabaki na..."

"Eish, dada! Unanihoji kama watu wa vibali?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikamkemea Riziki mbele yake: "Acha hayo, mwanangu. Huyu ni ndugu. Ndugu hahojiwi."

Akainamisha kichwa. "Mnisamehe." Siku ileile akaenda kumwambia Gogo nafasi ampe mwingine.

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Jioni Riziki alikuwa akiingia getini anaimba. Wiki ya tatu, Alhamisi asubuhi, nikasikia mtoto analia chumba cha nyuma. Kilio kile hakikuwa cha njaa. Nikakimbia, kwa mguu wangu huu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani hakuna mtu mzima. Birika la umeme lilikuwa limeanguka, maji bado yanatoa moshi, na Amani amekaa chini, mkono wake wa kulia siwezi kukueleza.

Riziki alifika hospitali na aproni ya dukani. Nesi akauliza, "Nani alikuwa na mtoto?" Riziki akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

Mkono ulipona, lakini kiwiko hakinyooki. Kesho yake Riziki alibaki kitandani kwa mtoto, na dukani akawekwa msichana mwingine. Ofisi ya msaada wakamwambia faili limefungwa, aombe upya, angoje. Kwa Gogo nafasi ilishachukuliwa. Baada ya muda akahama, akaenda Joubert Park, kwenye fleti wanayogawana kwa mapazia. Tukikutana kanisani ananishika mkono: "Asante, Mzee, siku ile ulimkimbiza Amani hospitali." Mwanangu, hiyo asante inaniuma kuliko kinundu.

Ndiyo maana jana, ulipokuja kuniambia unaanza kazi Jumatatu na binti wa dada yangu atakaa na mwanao, uliniona nikimhoji mbele yako mpaka akanuna. Mwache anune. Muulize na wewe, kwa mdomo wako: analala saa ngapi, birika linakaa wapi, akiugua nani anashika nafasi yake. Huyo wa pili kamwone kabla ya Jumatatu, usiridhike na jina. Anayekasirikia swali leo, hiyo hasira ndiyo jibu lake, chukua mtoto wako uende kwa mgeni mwenye geti. Na mzee yeyote akikwambia acha, huyo ni ndugu, hata nikiwa mimi, usinisikilize. Heshima yangu haiwezi kumlea mtoto.

Mungu akupe mikono mizuri ya kumshika mwanao wakati mikono yako iko kazini. Akurudishe kila jioni umkute mzima, anakukimbilia.

Limebaki moja, ambalo Riziki hajalisikia. Alhamisi ile nilikuwa hapa hapa, nashona mfuko wa suruali. Faustin akapita getini, begi mgongoni, viatu amevipiga rangi. "Sharp, Mzee," akaniaga. Swali lilifika mpaka kwenye ulimi: mtoto umemwacha na nani? Nikaona aibu. Nikamwambia, "Haya, mwanangu, nenda salama." Akatembea bila haraka mpaka pale kwenye robot, taa za barabarani, akangoja iwe kijani, akavuka, na mpaka leo hajarudi.