Bastola Yenye Ufizi

"Nafasi ya nne ni yangu. Aliyekuwa akiiota aamke, anawe uso, atafute ndoto nyingine."

Shangazi yangu alitamka hayo kwenye maikrofoni, katika mkutano mkuu wa klabu ya kulenga shabaha, mbele ya wanachama hamsini na wawili na katibu aliyekuwa akiandika kila neno. Hakuwa amelewa. Alikuwa amekunywa soda moja, tena ya moto.

Timu ya wanawake ya bastola ya upepo ilihitaji watu wanne, na watatu walikwisha kupatikana. Wa nne angepatikana kwa shindano moja tu, wiki kumi mbele: risasi sitini, mwenye alama nyingi anaingia, waliobaki wanarudi nyumbani kusimulia walivyokaribia. Timu huchaguliwa kila baada ya miaka minne, na shangazi alikuwa na arobaini na nane. Hesabu hiyo kila mtu aliifanya kimya kimya, kisha vichwa vikageukia matokeo yaliyobandikwa ukutani. Shangazi: 541 kati ya 600. Aliyemzidi kwa alama kumi na moja alikuwa mwanasheria wa klabu, mama mwenye sauti nyororo ambaye wote tulimwita Wakili. Wakili alikuwa na bastola yake mwenyewe, mpya, ndani ya sanduku lenye kitambaa cha mahameli. Shangazi alitumia za klabu, yoyote iliyobaki kabatini, kama mtu anayesoma gazeti kwa miwani ya jirani.

"Mdomo huponza kichwa, dada," Wakili alisema kwa upole, huku akipiga makofi.

"Cha kwangu kina bima," shangazi akajibu, na maikrofoni ilikuwa bado haijazimwa.

Mtu asiyemjua angedhani ni kiherehere. Sisi wa nyumbani tunajua ni kazi ndiyo iliyomharibu. Kwa miaka ishirini na miwili ametengeneza meno ya bandia katika chumba cha ghorofa ya pili, nyuma ya kliniki, chenye dirisha moja, meza mbili, na vinywa vya plasta zaidi ya mia vilivyopangwa rafuni vikikucheka tangu unapofungua mlango. Mjini anaitwa Mama Meno. Akikwambia jino limekaa, limekaa. Ukibisha, kesho yake unarudi kuomba radhi, tena kwa matamshi safi. Hata klabuni alifika kwa njia ya meno. Alikwenda kumpelekea Sajini, polisi mstaafu anayefundisha pale, seti yake mpya ya juu. Sajini akampa bastola aijaribu wakati na yeye anajaribu meno. Wote wawili walitoka wakitabasamu. Tangu siku hiyo Sajini humkaripia kila mwanafunzi isipokuwa mmoja, maana anajua anayeshikilia funguo za chakula chake.

Wiki iliyofuata baada ya majigambo, klabu ilitoa bastola tatu za zamani ziuzwe kwa wanachama wenye vibali. Moja ilikuwa ya fedha, inang'aa kama kijiko cha mgeni. Ya pili nyeusi, mtutu mrefu, ambayo kila mtu aliishika na kuguna kwa heshima. Ya tatu ilikuwa na mpini wa mbao uliopasuka, umefungwa kwa utepe wa umeme, na hakuna aliyeigusa isipokuwa kuisogeza ili aifikie nyeusi.

Sajini alizikagua mbele ya watu wote kuhakikisha ziko tupu. Shangazi akasimama ubavu, akachukua ya fedha, akafumba macho, akainua mkono hadi alipohisi umetulia, kisha akafumbua. Alirudia mara kumi, akiandika kila mara kwenye kadi ya mgonjwa. Ya fedha ilikuwa nyepesi mno. Ncha ya mtutu ilicheza kama kuku aliyesikia muziki. Nyeusi ilitulia vizuri hadi mara ya sita, bega likaanza kulalamika, na shindano lina risasi sitini. Ile mbovu ilitulia. Uzito wake ulikuwa mbele kidogo, unavuta mkono chini taratibu kama mtoto anayekushika nguo kistaarabu. Akajaribu triga zote tatu. Mbili zilikwaruza kana kwamba zina mchanga ndani yake. Ya ile mbovu ilikuja laini, ikafika mahali pagumu kama ukuta, kisha ikaachia bila kuaga.

"Mchagua jembe si mkulima, dada," Wakili alisema akipita na sanduku lake.

"Na asiyechagua meno hunywa uji, Mheshimiwa."

"Lakini hiyo imevunjika mpini!"

"Mpini nitaiwekea. Roho singeweza kuiwekea, na roho inayo." Akamgeukia Sajini. "Meno hayachaguliwi kwa weupe. Funga hii."

Sajini ndiye aliyerekebisha triga. Sheria ya mchezo inataka triga inyanyue jiwe la gramu mia tano bila kufyatuka. Ikishindwa, mwenyewe anakwenda nyumbani kabla hajapiga hata moja. Shangazi alitaka mia tano na tano. Sajini aligeuza skrubu, akaning'iniza jiwe, akageuza tena, akaacha mia tano na ishirini.

"Siku ya shindano triga itapimwa na mtu aliyeamka vibaya," alisema. "Mwachie gramu za kununa."

Mpini ulikuwa kazi ya shangazi mwenyewe. Alikanda ule udongo laini wa kuchukulia umbo la kinywa, akaupaka kwenye chuma kitupu, akaukamata kama anavyolenga, akatulia dakika nne bila kupumua vizuri. Kisha akamwagia plasta, na kutoka kwenye plasta akatengeneza mpini kwa ile plastiki anayotengenezea ufizi. Plastiki ya ufizi huja kwa rangi moja. Kwa hiyo bastola ikatoka na mtutu wa zamani na mpini wa waridi, unang'aa, una vijishipa vyekundu ndani yake. Mumewe, ambaye ni fundi bomba na amewahi kuona mambo mabaya ndani ya mabomba, aliigeuza kwa ncha ya kidole.

"Mke wangu, hiyo inauma au inapiga?"

"Inategemea anayeuliza."

Ulaini wa mpini haukutosha. Fundi wa meno ana karatasi nyembamba ya buluu: mgonjwa huing'ata, na mahali panapogusa kupita kiasi hubaki na doa. Shangazi aliizungushia ile karatasi kwenye mpini, akaukamata, akaufungua, akachukua tupa, akakwangua madoa. Tena na tena, wiki mbili nzima, kati ya mteja na mteja. Alipomaliza, rangi ilienea kiganja kizima sawasawa, toka kwenye kidole gumba hadi kwenye shina la kidole cha shahada. Hapakuwa na pengo la kupitisha unywele. Jioni alifanya mazoezi kwenye korido ya nyumbani, bastola tupu, akilenga ukuta mweupe na kubonyeza. Mumewe alikuwa akisimama jikoni na sahani yake akingoja.

"Nipite au nijisalimishe?"

"Pita, lakini usitikise sakafu."

Sasa njoo uone maajabu. Kwenye karatasi za shabaha, risasi saba katika kila kumi zilikaa katikati, zimebanana kama ndugu kwenye picha. Tatu zilikimbilia kushoto. Siku zote tatu, siku zote kushoto. Alama: 543. Wiki sita za kazi zilikuwa zimeleta alama mbili, na mwezi mmoja tu ulibaki.

Shangazi alilaumu vile virisasi vidogo, akabadilisha mkebe. Akalaumu viatu. Akalaumu taa ya tatu kutoka mlangoni. Kisha akageuza skrubu ya sehemu ya kulengea ili kusogeza mapigo kulia; zile tatu zikaingia katikati, na zile saba nzuri zikatoka zote.

Sajini alirudisha skrubu ilipokuwa. "Mama, hii inatibu ugonjwa wa risasi zote. Wewe una ugonjwa wa risasi tatu. Kuna kitu kinasukuma. Nionyeshe huo mpini."

"Mpini umekaa."

"Sijasema haujakaa..."

"Umekaa, Sajini. Nimeupima kwa karatasi. Kama meno yako."

Sajini akafunga mdomo, na meno yakafungika vizuri sana.

Siku hiyohiyo Wakili alipiga 556 kwenye mazoezi. Alikuja hadi kwenye meza ya shangazi na kusema, bila kebehi hata chembe, "Dada, nina bastola yangu ya zamani nyumbani. Nikuazime? Aibu ya nini, sote ni wa klabu moja." Kebehi shangazi angeijibu. Huruma aliishukuru, akafunga mfuko wake, na kesho yake alifanya kazi mchana kutwa bila kumsema mtu yeyote, jambo lililowatia hofu hadi wagonjwa.

Aliyevunja kimya hicho alikuwa dalali wa mnada. Aliingia ameziba mdomo kwa leso, akisema meno yake ya juu, aliyotengenezewa kwingine, yanamdondoka.

"Yanadondoka ukila?"

"Nikila yametulia kabisa, Fundi. Nikinyamaza yametulia. Ila nikipandisha bei tu... Jana nimesema 'mara ya tatu,' yakarukia kwenye kabati ninalouza. Watu wamepiga makofi."

"Hebu nadi hapa."

Dalali akasimama katikati ya chumba akainadi meza ya shangazi kwa sauti yote. Meno yakashuka. Shangazi akamkalisha, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole na kucheka kicheko chake cha kwanza baada ya siku mbili.

"Nani huyu aliyekutengenezea? Unaona huu uzi wa nyama unaoshika mdomo na ufizi? Huu hucheza kila ukisema. Yeye amebana kila mahali, amebana hadi na kinachocheza! Uzi ukivutika unainua meno yote. Huyu fundi amesoma wapi? Kinachotembea huachiwa njia, hata mtoto anajua, lazima ukate kama kijito hapa, kinacho..."

Mashine ya kusagia ikasimama hewani mkononi mwake. Dalali, mdomo wazi, akamtazama.

"Kinachotembea," shangazi akarudia, polepole.

Alimaliza kukata njia ya uzi kwenye meno ya dalali, akamfanya anadi meza tena, kabati, na rafu ya vinywa vya plasta, meno hayakutikisika. Alipomtoa mlangoni akaenda moja kwa moja kwenye mfuko wake. Akaukamata mpini wa waridi, bastola tupu, akabonyeza triga huku akitazama shina la kidole cha shahada. Kila kidole kilipokunjwa, nyama ya shina ilivimba kidogo na kuusukuma mpini. Akibonyeza kwa utulivu, msukumo haukudhuru kitu. Akikaza kidogo tu, mtutu ulikwenda kushoto. Kinyozi hajinyoi: alikuwa amejibana mwenyewe kwa ustadi ambao angemfukuzia fundi kazi.

Akawasha mashine. Dakika ishirini tu. Alichimba kijito cha upana wa kalamu pale kidole kinapopita, na kuacha vidole vitatu na kiganja vikiwa vimebanwa kama kawaida. Kisha akampigia Sajini simu.

"Ulikuwa unataka kusema kitu kuhusu mpini wangu."

"Nilitaka kusema kidole hakina..."

"Nimeshatengeneza. Lakini ulikuwa sahihi. Usizoee."

Siku ya shindano, mpimaji alikuwa kweli ameamka vibaya. Aliitia bastola kwenye sanduku la vipimo, ikaingia. Akaning'iniza jiwe kwenye triga, ikalinyanyua. Akaugeuza mpini mara mbili kutafuta kosa.

"Mama, hii ni nini, bastola au kinywa?"

"Sheria inakataza rangi?"

Haikatazi. Akabandika stika.

Kumi za kwanza: 92. Kisha 94. Za tatu zilishuka hadi 91, maana mtoto mmoja kwenye benchi la watazamaji aliuliza kwa sauti kwa nini ile bunduki ina ulimi, na shangazi akacheka katikati ya kubonyeza. Aliishusha bastola, akaiweka mezani, akanywa maji, akarudi. 95. Kisha 92. Kwenye njia ya kupigia, ya nne kutoka kwake, Wakili alimaliza mapema na 556, akaanza kufunga sanduku lake taratibu, kama mtu aliyekwisha kulipiwa nauli. Sisi tuliokaa nyuma tulijumlisha kwa vidole: shangazi alihitaji 93 katika kumi za mwisho. Yeye hakujua, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mumewe alikuwa amefumba macho na kumshika Sajini mkono, na Sajini, mwanaume wa miaka sabini, hakuutoa.

Hakuna iliyokimbilia kushoto. Nilizitazama zote kumi kwenye kioo cha matokeo: tisa, tisa, kumi, tisa, tisa, kumi, tisa, tisa, tisa. Ya mwisho aliinua mkono, akaushusha bila kupiga, akainua tena. Kumi. Tisini na tatu. Jumla 557.

Wakili alikuja kumpa mkono kabla ya mtu mwingine yeyote. "Nimeshindwa na ufizi," alisema.

"Umeshindwa kwa alama moja, Mheshimiwa. Miaka minne ijayo ulete sababu nyingine."

Wakili akacheka, kisha, akipunguza sauti, akauliza kama shangazi hupokea wateja Jumamosi, kwa ajili ya mkono, si kinywa. Shangazi akamwambia aje na bastola tupu na asipake losheni.

Katibu alimletea karatasi ya kuingia kwenye timu: jina, saini, saizi ya nguo, na mstari wa chini uliopigiwa alama nyekundu kwamba kila mchezaji hujinunulia sare. Shangazi akasaini bila kusoma, akaandika saizi moja chini ya ile halisi, mumewe akaisahihisha. Bei ilikuwa chini ya mstari huo, ya kutoka mfukoni mwake: suti ya timu, juu na chini, bila kofia, shilingi elfu arobaini na tano.