Msichana Aliyeutupa Ufunguo

Wateja walimwita Vidole, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kasi ya kusuka. Wasichojua ni kwamba vidole hivyo hivyo, alfajiri kabla baba yake hajaamka, viliandika riwaya kwenye simu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka kwa jina la bandia na kikapendwa. Humo, msichana aliye karani wa kituo cha treni anarithi kwa shangazi yake ufunguo unaofungua kuta za mji, na nyuma ya kuta wanaishi majini wenye kesi zisizokwisha, kila mmoja akitaka asikilizwe yeye kwanza. Karani hakuuomba ufunguo. Alipewa kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Vidole naye alikuwa karibu. Baba yake alipopooza upande mmoja, kaka zake walikuwa na kazi za mbali na mdogo wake ana kichanga, basi macho yote yakamgeukia yeye. Hakuna aliyemwuliza. Walimshukuru tu, na shukrani zikafunga mazungumzo.

Katika kitabu cha pili karani anakataa. Anakataa mwanzo, anakataa katikati, na mwishoni anautupa ufunguo mtaroni, anakwenda zake kulala. Vidole aliuandika ukurasa ule huku akilia. Mchapishaji hakulia. Alikitoa, ila akasema cha tatu kitategemea wasomaji, na kwamba atapiga simu Jumamosi kumpa jibu.

Jumamosi yenyewe wasomaji wake watatu walikuwa mle mle saluni, bila kujua kuwa anayewasuka ndiye mwandishi. Mwalimu wa hesabu alikuwa mikononi mwake akisukwa rasta, kitabu mapajani. Mfamasia alikuwa chini ya draya. Mshonaji wa jirani alikaa kwenye benchi akingoja zamu.

"Huyu binti amenichosha," mwalimu alisema, kichwa kimeinama, maneno yakianguka sakafuni. "Kitabu kizima, sitaki, sitaki. Shujaa gani huyo?"

"Anaweza kufungua ukuta, anakwenda kulala," mfamasia alidakia, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio na draya. "Ningepewa mimi ufunguo ule ningeanzia benki."

"Na yule jini wa kwenye lifti, mwenye mtoto mgonjwa? Kamwacha hivi hivi. Roho mbaya tu," mwalimu aliongeza.

"Labda amechoka," Vidole alisema.

"Achoke nini, dada? Yuko kitabuni. Kitabuni watu hawachoki."

"Hakuna aliyemwuliza kama anautaka."

"Na sisi nani alituuliza? Mimi waliniuliza kama nataka darasa la watoto themanini? Taratibu basi, unaning'oa ngozi."

Kweli, rasta tatu za mwisho zilikuwa zimevutwa mpaka nyusi za mwalimu zimepanda juu. Vidole aliomba radhi, akaanza kuzifumua.

"Unamtetea kama mtoto wa dada yako," mwalimu alisema, akijikanda paji la uso.

Hapo mshonaji, ambaye tangu aingie alikuwa ametoa salamu tu, akafungua kinywa. "Mimi namwelewa."

Mikono ya Vidole ilisimama. "Unamwelewa vipi, shoga?"

"Nina mama mkwe ndani. Haoni, na hataki kulishwa na mwingine ila mimi. Sasa pale binti anaposimama mlangoni, ameshika kitasa na haingii, nilisema huyu ameniona."

"Na mwisho wake je, anapoutupa?"

"Sikufika. Niliacha katikati."

"Kwa nini?"

"Dada yangu, nitoke kwenye hayo, nipate nafasi ya kukaa, halafu nisome hayo hayo? Nilimgawia jirani."

"Mnaona?" mwalimu alisema. "Hata anayemwelewa anamkimbia."

Walicheka wote, hata mshonaji. Kila alfajiri Vidole alikuwa akimwandikia mwanamke wa namna hii, bila kumjua sura. Leo amemwona, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na kitabu amekwisha kukigawa. Wasioyajua maisha yale walitaka binti ainuke afanye kazi. Wanaoyajua hawakutaka kumwona kabisa.

Simu ikalia. Aliibana kwa bega, mikono ikiendelea kufumua.

"Nimesoma maoni yote," mchapishaji alisema. "Wanaimba wimbo mmoja. Arudi auchukue ufunguo, na safari hii aipende kazi yake. Asinung'unike."

"Aipende?"

"Acheke hata kidogo. Ukitaka hivyo tunaendelea. Hutaki, sikulazimishi, lakini tumeishia hapo."

Vidole aliifikiria ile saa ya alfajiri, saa pekee iliyokuwa yake. Bila kitabu ingekuwa saa ya kungoja baba aite. Pamoja na kitabu hicho wanachokitaka, ingekuwa saa ya kumwamsha msichana aliyelala, kumpeleka kazini, na kumfundisha kutabasamu njiani.

"Atakubali," alisema.

"Kwa moyo mmoja?"

"Kwa moyo mmoja."

Alikata simu, akaiweka kando ya vitana.

"Nani anaolewa?" mwalimu aliuliza.

"Ndugu yangu mmoja."

"Mpe hongera zake. Na yeye mwenyewe anamtaka huyo bwana?"

"Inamisha kichwa, mwalimu."