Mfupa wa Mwalimu Sabina

Habari ya kifo cha dada yangu Sabina ilinifikia Mkolani pamoja na dai la funguo. Mjumbe alikuja kwa baiskeli kutoka Kisesa, akanipa pole, kisha akanipa barua ya Bwana Nkwabi, mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha dada. Mstari wa kwanza ulisema Mwalimu Sabina amefariki alfajiri kwa shinikizo la damu. Wa pili ulisema shule imepata pigo. Wa tatu uliiomba familia irudishe mapema funguo za stoo na mali nyingine yoyote ya shule. Nilipiga magoti kusali, na kwa muda sikujua kama namwombea marehemu au namshtaki Nkwabi mbele za Mungu.

Dada alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita. Alijua jambo moja ambalo wakubwa wake, pamoja na semina zao zote, hawakulijua: mtoto aliyekuwa akichunga ng'ombe juzi hawezi kuelewa Kiswahili kwa sababu tu mwalimu amepaza sauti. Wiki za mwanzo aliwaeleza mambo kwa Kisukuma, kisha akawavusha polepole, neno kwa neno, mpaka wakazoea.

Lakini shule ilikuwa na mfupa. Ulikuwa mfupa wa mguu wa mbuzi, umetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Mtoto akisikika anasema Kisukuma alivishwa shingoni, naye alikaa akimvizia mwenzake ateleze ili amvishe yeye. Aliyekutwa nao jioni alichapwa na kufagia uwanja. Nkwabi aliuita nidhamu. Kwa kweli mfupa ule ulikuwa mwalimu hodari kuliko wengi pale, maana somo lake lilieleweka upesi: nyamaza, na mchongee mwenzako.

Mwaka 1994 msichana mmoja, Odeta, alivishwa kwa kosa la kuomba maji kwa Kisukuma. Hakusema tena siku tatu. Siku ya nne dada aliuvua mfupa shingoni mwake, akauvaa yeye, na jioni akaingia nao ofisini.

"Mwalimu Mkuu, leo nimesema Kisukuma tangu asubuhi," alisema. "Nichape, au nipe ufagio."

Nkwabi alitazama dirishani. Basi dada akaufagia uwanja wote, darasa lake likimcheka na kumsaidia. Tangu hapo aliuvaa kila asubuhi akiingia darasani, na hakuna mtoto wa kwake aliyeogopa kufungua kinywa. Kabla mwaka haujaisha Odeta alikuwa akimsomea bibi yake Injili.

Ndipo akaja mkaguzi. Ilikuwa miaka ya soko huria, ambapo kila mwenye duka Kisesa alishagundua kwamba karatasi ya kufungia ndiyo inayouza sabuni. Shule nazo hazikuachwa nyuma. Mkaguzi alikula kuku wa Nkwabi, akaita maandalio ya somo, yale madaftari ambamo mwalimu huandika atakachofundisha. La dada lilikuwa mistari minne tu. Tena alikuwa na mfupa shingoni.

"Chagua mtoto yeyote, Bwana Mkaguzi, umpe chaki," dada alimwambia.

"Mama, mimi sikuja kukagua watoto."

Namshukuru kwa kusema kweli. Alikagua madaftari matatu, hakukagua mtoto hata mmoja, akaandika kwamba Mwalimu Sabina hana maandalizi. Kufumba na kufumbua dada alipewa stoo na bustani ya mchicha. Darasa lake akapewa Mwalimu Machibya, kijana mwenye mwandiko mzuri, ambaye malengo ya somo aliyapigia mstari kwa wino mwekundu. Watoto wa Machibya walisoma ukurasa mzima bila kukwama, na wageni walipiga makofi. Siku moja dada alichukua kitabu, akampa mmoja wao kikiwa juu chini. Mtoto akasoma mpaka mwisho, bila kukigeuza. Walikuwa wamekariri, wala hawakujua herufi.

Dada alikwenda kwa Nkwabi kulidai darasa lake. Alikwenda mara tatu.

"Dada Sabina, ripoti ni ripoti," alijibiwa.

"Na mtoto ni nini?"

Nkwabi alisema ana kikao.

Hakurudishiwa darasa. Miaka miwili iliyobaki aliomba wa darasa la kwanza waje kupalilia bustani, na huko kati ya matuta akawaandikisha herufi kwenye udongo kwa vijiti vya mihogo. Kwenye vitabu vya shule iliandikwa: kilimo. Mchicha ulikuwa dhaifu. Waliojua kusoma walikuwa wengi.

Siku ya maziko Nkwabi alileta wasifu alioupiga chapa. Ulimtaja marehemu kuwa mtunza stoo mwaminifu. Nilimrudishia. Nikaandika wangu, nusu ukurasa, nikampa Odeta ausome; wakati huo alikuwa darasa la nne.

Kwenye mkoba wa dada tulikuta funguo na ule mfupa. Mama alitaka mfupa uwekwe kwenye jeneza. Nilikataa, kwa sababu nawajua watu wetu: wangeuona, na kabla ya arobaini wangesema Sabina alikuwa mchawi. Nilivikabidhi vyote viwili kwa Nkwabi mbele ya waombolezaji.

"Uliomba mali ya shule," nilimwambia. "Hii hapa."

Alitia funguo mfukoni. Mfupa alibaki ameushika, hajui auweke wapi.

Katekista aliongoza sala. Odeta alisimama kwenye kiti, akausoma wasifu kwa Kiswahili, halafu, bila kuagizwa na mtu, akausema tena kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Tuliteremsha jeneza saa tisa. Mama alitupa udongo, nami nikafuata, kisha watoto mmoja mmoja. Tulisimika msalaba wa mbao, tukaimba wimbo mmoja, tukanawa mikono, tukarudi nyumbani.