Shingo ya Mama Godelieve

Watoto wengi waliozaliwa katika mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, miaka ya vita walipokelewa na mikono ya Mama Godelieve, na sauti yake ndiyo waliyoisikia kwanza. Alikuwa akisimama mlangoni mwa maternite, wodi ya wazazi, akamwita mtu aliye mwisho wa uwanja bila kujitahidi. Mimi Nadège nilifanya naye kazi miaka sita. Mwezi wa kwanza nilimwogopa. Baada ya hapo nilimpenda.

Mwaka 2003 niliona kwamba haachi kitambaa shingoni, hata jua likiwaka. Siku moja, alipokuwa akinawa, nikaona chini ya koo lake uvimbe kama yai dogo, ukipanda na kushuka kila alipomeza mate. Aliniambia nifunge mdomo. Sikuufunga. Nilimwambia Fabien, mume wake.

Fabien alikuwa mvuvi wa kutoka Ubwari, mtu wa maneno machache. Alimpeleka kwa daktari mmoja aliyekuwa akipita kutoka Fizi. Huyo hakuwa na kifaa ila vidole vyake tu. Alipapasa, akasema hiyo ni tezi ya shingo, hawezi kujua kwa kushika kama ni mbaya, afadhali ikatwe. Kukatwa kulitaka kwenda hospitali ya Uvira, na njia ya Uvira ilijaa wenye bunduki. Au kuvuka ziwa hadi Kigoma. Fabien akatafuta boti, akapiga pasi nguo za mkewe, akafunga sanduku.

Ziwa halikumtisha Mama Godelieve. Alichoogopa ni kisu kupita karibu na mishipa ya sauti. Alimjua mwanamke aliyerudi kutoka upasuaji wa namna hiyo akinong'ona tu.

"Nadège," aliniambia, "mi nikikosa sauti, bamama batazalishwa na nani?"

Wiki ile hospitali yetu ilipata daktari mgeni, Wilfried. Tulikuwa na mashine ya ekografi, ile inayoonyesha mtoto tumboni kwenye kioo, na Mama Godelieve aliitumia kila siku. Hakuna kati yetu aliyewaza kuiweka shingoni. Wilfried aliuliza habari za kitambaa, kisha akafungua kabati akatoa kichwa cha pili cha mashine, kidogo na bapa, kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Akamlaza Mama Godelieve kwenye kitanda kile kile ambacho yeye mwenyewe aliwalazia wajawazito, akampaka jeli. Mama Godelieve akalalamika kwamba ni baridi. Nilimkumbusha jinsi alivyokuwa akiwagombeza waliolalamika hivyo.

Kwenye kioo likatokea duara jeusi.

"Mama, unaona hii nyeusi?" Wilfried alisema. "Iko maji tu. Ndani hakuna nyama, na kando yake iko laini. Hii hatukati. Tutaangalia tena kisha miezi sita."

Mama Godelieve akaomba ageuziwe kioo, akakiangalia mwenyewe kwa muda mrefu, akataka upande wa pili upimwe pia. Aliporidhika, akajifuta shingo akasema kuna mama anamngoja.

Fabien hakuamini upesi. Sanduku lilikaa limefungwa miezi sita, na mkewe alikuwa akiomba nguo zake moja moja. Kipimo cha pili kilipoonyesha duara lile lile, halijakua, ndipo akalifungua.

Tangu hapo Mama Godelieve hakumwacha mtu mwenye shingo iliyovimba apite sokoni hivi hivi. Alimshika mkono akamleta kwenye mashine. Wengi walirudi nyumbani bila kukatwa. Munira, mke wa mwenye boti ile aliyoitafuta Fabien, yeye alionekana na uvimbe wa nyama, wenye vidoa vyeupe na kando zilizochongoka. Mama Godelieve alivuka naye hadi Kigoma akakatwe, akakaa karibu na kitanda chake wiki mbili, akamrudisha akiwa mzima.

Munira bado anameza kidonge kila asubuhi, cha kufanya kazi ya tezi iliyoondolewa. Ijumaa hupeleka vitumbua kwa Mama Godelieve, na Fabien huvimaliza karibu vyote.